Mzee wa Steji Anajibu: Jogoo Hana Kiti, Lakini Ana Mapafu

Barua zenu za mwezi huu zina manyoya. Moja imefika na unyoya wenyewe, umenasa kwenye gundi ya bahasha. Ni Julai, jua limetuhepa, abiria wa Umoja wanavaa kofia za sufu hata ndani ya matatu, shule zinakaribia kufungwa, na kila mtu anataka kwenda ushago na kiumbe chake. Mimi nilipiga debe Machakos Country Bus mpaka magoti yakagoma, kwa hiyo suala la nani aingie wapi ndani ya gari nalifahamu. Tuanze na mwenye unyoya.

*Mzee, naishi Kayole, ghorofa ya nne. Nafuga jogoo kwenye roshani. Anawika saa tisa usiku, na sasa keateka amenipa siku saba: aende jogoo au twende sote. Nataka kumpeleka kwa mama, Vihiga, kwa basi la usiku. Makanga anasema aingie buti pamoja na magunia. Je, atafika? Baba Jogoo, Kayole.*

Baba Jogoo, kufika atafika. Cha kujiuliza ni kama mama atampokea kama mgeni au kama kitoweo. Kuku wa buti hauawi na baridi. Anauawa na gunia la mitumba alilotupiwa juu na mtu anayekimbizana na saa ya kuondoka. Chukua katoni ngumu, ile ya mafuta ya kupikia, uitoboe kwa bisibisi pande zote nne. Matundu ya juu peke yake hayafai, maana juu ndiko watakakolaza begi la mtu. Tandika majani makavu. Kuku akiwa gizani hutulia, na ukibahatika hatawika mpaka Luanda. Mnyweshe maji kabla ya kutoka, na punje kidogo tu. Halafu malizana na makanga mapema, gari likiwa bado na nafasi, mkubaliane kwamba katoni inakaa miguuni pako. Ukianza kubishana naye gari limejaa na dereva anapiga honi, umeshashindwa, na wala usinilaumu mimi.

Kuna jambo hukuuliza: kideri. Kuku aliyepatana na wenzake wa soko la mjini anaweza kuubeba ugonjwa huo bila dalili kwa siku kadhaa, akautua kwa mama na kufagia banda zima. Chanjo yake ni tone la jichoni, na inahitaji kama wiki mbili ili ishike sawasawa. Wewe una siku saba. Kamwombe keateka akuongezee, umweleze ni shauri la daktari wa mifugo. Akikataa, mama amtenge jogoo wiki mbili, chombo chake cha maji kikiwa mbali na vya wengine.

*Mzee wa Steji, nimestaafu. Nimenunua matatu kuukuu ya abiria 14, nikang'oa viti, nikaweka godoro, meko ya gesi na kabati. Nimewaona Wamarekani wakiishi ndani ya magari ya namna hii msimu wote wa baridi, na mbwa wao pembeni. Nataka tuzunguke mwezi mzima mimi, mke wangu na mbwa wetu Askari: Naivasha, Nakuru, Eldoret mpaka Kitale. Baridi nitaitoa kwa jiko la makaa. Una la kuniongezea? Nahodha wa Tassia.*

Ndugu Nahodha, ninalo la kukupunguzia. Jiko hilo liache Tassia.

Nasema hivi bila mzaha, halafu tutarudi kwenye mzaha. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi kwa kikohozi kama moshi. Inakuzidishia usingizi mpaka usiamke. Hapa kwetu watu wamekufa hivyo vyumbani, mlango umefungwa na kitambaa kimesukumwa chini yake kuzuia upepo, na gari lako ni dogo kuliko chumba chochote cha Tassia, nasi tunavijua vyumba vya Tassia. Askari hatabweka kukuonya, kwa sababu naye atakuwa amelala. Meko ya gesi nayo ni ya kupikia mlango ukiwa wazi, kisha unafunga mtungi. Usiku tumia blanketi mbili, chupa ya maji moto iliyovishwa soksi, na mbwa. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 na ushei, tena hahitaji kiberiti.

Sasa hao Wamarekani. Wengi wao wanaikimbia baridi: theluji ikianza kwao, wanateremka na nyumba zao za magurudumu mpaka jangwa la Arizona au pwani ya Florida. Wewe unaipandia baridi kilimani. Nairobi tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na tayari mnalia. Timboroa, mtakakopita mkielekea Eldoret, ni zaidi ya mita 2,700. Ungeiga akili yao badala ya gari lao, ungeshika njia ya Mombasa. Lakini wewe ni Nahodha, siwezi kukushika usukani.

Kabla hujatoka, futa ule mstari wa njano wa matatu. Ukiuacha, kila mwenye gunia la viazi kuanzia Rironi atakupungia mkono, na ukisimama ili Askari akojoe, utakuta mama wawili na mtoto wameshakaa juu ya godoro wanauliza Nakuru ni ngapi. Logibuku nayo isomane na gari lilivyo sasa, kwa hiyo nenda NTSA likakaguliwe. Askari wa barabarani akifungua mlango akutane na kitanda ndani ya gari ambalo karatasi zinasema ni la abiria 14, mtaongea mpaka chai ipoe, na hapo nimesema chai ya kunywa.

Kuhusu Askari wako wa miguu minne. Mbuga za KWS haziruhusu mbwa, kwa hiyo Hell's Gate na Ziwa Nakuru mtaziona kwa zamu: mmoja aingie, mwingine abaki nje na mbwa. Kando ya Ziwa Naivasha kuna kambi za watu binafsi, waulizeni kwanza kama mbwa anapokewa. Akipokewa, jua likizama afungwe ndani. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko hajali kwamba mbwa wako ana cheti.

Cheti chenyewe ni lazima, cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa hapa hapa pembezoni mwa Nairobi, na serikali imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Askari atakutana na mbwa wasio na mwenyewe katika kila senta mtakayonunulia mahindi ya kuchoma. Mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya Kitale.

Mengine ni madogo. Simameni kila baada ya saa mbili, na ashuke akiwa na kamba, hasa karibu na Gilgil, maana nyani wa barabarani wana meno kuliko yeye. Asifungiwe ndani ya gari mchana wa Naivasha ati kwa kuwa ni Julai. Jua la pale likipiga bati, linapika. Na mwulize mke wako kama amekubali. Barua nzima umemtaja mara moja, mbwa umempa jina.

*Mzee, nataka kumchukua mbuzi wa kwetu hapa Huruma nimpeleke kwa baba mkwe, nimweke nyuma ya Probox. Mkwe Mtarajiwa.*

Nunua mbuzi huko huko. Kuhamisha mifugo kunataka kibali cha afisa wa mifugo chini ya sheria ya magonjwa ya mifugo, Sura ya 364, na harufu ya mbuzi dume kwenye suti ya posa haina kibali kokote.

*Shikamoo Mzee. Niko Buruburu, nina paka jike. Nikimwacha Agosti yote naona uchungu, nikienda naye Kitui mama mkwe anasema paka mgeni analeta mambo. Nifanyeje? Mama Nyau.*

Marahaba, mwanangu. Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mama mkwe wa mtu, ingawa kwa sababu zangu. Mbwa hushikamana na mtu, paka hushikamana na mahali. Ukimtoa Buruburu na kumwachia boma asilolijua, huenda akatoroka usiku wa kwanza akiitafuta nyumba yake. Mwachie jirani ufunguo, chakula na jina la daktari.

Lakini nakujua utakwenda naye. Basi usimtie katoni: akikojoa, chini panalegea, na paka aliyetoka ndani ya matatu inayokimbia kilomita 80 kwa saa hushika kichwa cha abiria kilicho karibu. Tafuta kreti mbili za mkate, uzifunikanishe, ufunge kwa kamba pembe zote nne. Ndani weka gazeti na leso uliyoivaa bila kufua. Funika kreti kwa shuka nyepesi. Asile kwa saa kama sita kabla ya safari. Mkifika, afungiwe chumba kimoja siku kadhaa kabla hajaonyeshwa boma. Mama mkwe akiuliza ni nini kinalia humo ndani, hapo sina ushauri.

*Mzee, kasuku wangu wa kijivu amesikia makanga wa Outering mpaka akaiva matusi yao. Wakwe wanatungoja Nyeri. Niende naye? Wa Donholm.*

Una kibali cha KWS? Kasuku huyo ni mnyamapori, na mwaka 2016 huko Johannesburg nchi za mkataba wa CITES zilimweka kwenye daraja la ulinzi mkali kuliko yote. Kama huna, jambo la kwanza ni ofisi ya KWS, tena leo. Kama unacho, mwache Donholm na redio iwe kwenye stesheni ya injili mpaka mrudi. Hatasahau alichojifunza, ila atakuwa na la kuchanganyia.