Sifa za Fyuzi

Waheshimiwa wa Mtumba wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe mwaka 2019, kila anayepanda jukwaani huanza kwa kutaja vyeo, na hotuba ikifika kwenye jambo lenyewe jua la Dodoma limeshawachosha watu. Nami leo naomba jukwaa, ila ninayemsifu hana cheo, hana dereva, na urefu wake haufiki kidole. Ni fyuzi ya ampea 1.5 iliyomo ndani ya kompyuta ya Commodore 64.

Nyumba iliyoizaa ni ya heshima. Commodore 64 ilitoka Marekani mwaka 1982, wakati Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974. Ukiikuta leo kwa mtumishi aliyehamia Dodoma na mizigo yake yote, usimuulize iliingiaje. Muulize adapta iko wapi, maana hiyo ndiyo hufa kwanza.

Hapo huitwa fundi aunge adapta nyingine. Fundi anajua redio, anajua sabufa, mchoro hana haja nao. Plagi ya duara ina pini saba, na ndani yake hupita umeme wa aina mbili: volti 5 za DC na volti 9 za AC. Waya mmoja wa volti 9 anaupeleka kwenye ethi, anawasha. Taa nyekundu inawaka vizuri. Runinga ni giza tupu. Wanaanza kutafuta mchawi: mara umeme mdogo, mara vumbi, mara runinga yenyewe.

Kumbe fyuzi imeshamaliza kazi. Haikuunda tume, haikuomba muda wa kujiridhisha. Iliona kosa linapita mlangoni kwake, ikajiuzulu papo hapo.

Tena imeacha maelezo. Volti 5 ndizo zinazowasha taa. Volti 9 hulisha kaseti na sauti na, katika bodi za mwanzo, hata chipu ya picha. Kwa hiyo taa inayowaka mbele ya skrini nyeusi tayari ni taarifa. Chomoa umeme, legeza skrubu tatu za chini, gusisha multimeta kwenye ncha mbili za fyuzi. Isipolia, fyuzi ndiyo iliyoungua.

Wenye wivu watasema fyuzi hii hailindi njia ya volti 5. Kwamba adapta ya asili ikizeeka hupandisha volti hizo na kuua chipu za kumbukumbu, fyuzi ikitazama tu. Ni kweli. Lakini nitajieni mtumishi mwingine anayeheshimu mipaka ya idara yake kiasi hicho.

Adui yake mkubwa ni mtu mwenye nia njema. Huyo huchukua karatasi ya pakiti ya sigara, au uzi wa shaba, akaifunga fyuzi ili kazi iendelee. Na kazi huendelea, kwani shaba haijiuzulu. Itavumilia kila kosa mpaka transfoma ianze kunuka, na hapo watakaoondoka ni chipu ambazo kiwanda chake kilishafungwa.

Basi mtendeeni haki. Pimeni kila pini ya plagi kabla ya kuichomeka, rudisheni waya mahali pake, kisha wekeni fyuzi mpya ya ampea zilezile 1.5. Ikiungua tena msiongeze ampea; tafuteni kosa lililobaki. Likipatikana, skrini ya buluu itatangaza baiti 38911 zilizo wazi kwa kazi, na hakuna atakayeikumbuka fyuzi.

Haina kinyongo. Haidai nishani, haidai kiinua mgongo, na bei yake ni ndogo kuliko posho ya kikao chochote kitakachoitishwa kujadili kwa nini iliungua.