Breki za Nini Garsen, Mwalimu?

Mtu akifunga redio yenye spika za kutikisa vioo, Garsen nzima humpa mkono. Akipaka gari rangi mpya, ataombwa alilete kwenye harusi ya watu asiowajua. Lakini hebu thubutu kusema pale njia panda ya Minjila, mbele ya watu wanaokunywa chai, kwamba pesa zako za msimu wa maembe zimekwenda kwenye breki. Kwanza watanyamaza wote. Kisha utaulizwa kama nyumbani ni salama.

"Breki za nini, mwalimu?" aliniuliza dereva mmoja wa Probox, mtu ambaye hupakia abiria hadi kwenye buti. "Hapa kuna mlima gani?"

Mlima hakuna, nakubali. Ukishavuka daraja la Sabaki kule Malindi, ni kilomita mia moja na ushei za nchi iliyolala chali mpaka uingie Garsen. Na hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tumeamini kwamba breki ni mambo ya watu wa bara, wenye miteremko yao ya Mai Mahiu na Salgaa. Sisi wa tambarare tuna honi.

Sasa honi yangu mimi ni ya kuomba radhi. Gari langu ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1966, injini nyuma, buti mbele, umeme wake volti 6. Ukibonyeza honi, mbuzi hugeuka kuangalia nani anakohoa. Kiwanda cha mwisho kuyaunda magari haya, kile cha Puebla nchini Mexico, kilifunga kazi hiyo mwezi Julai 2003, baada ya Beetle zaidi ya milioni 21 kuundwa duniani. Milioni 21, na ukitaka hata bolti yake moja hapa Garsen utaelekezwa Malindi, na Malindi watakuelekeza Mombasa, na Mombasa watakuuliza kwa nini hununui Vitz.

Wazee ndio wasumbufu zaidi. Kila mzee aliyewahi kusikiliza redio anajua kwamba Volkswagen ilishinda Safari Rally. Ni kweli: Vic Preston mwaka 1954, Gus Hofmann mwaka 1957, Tommy Fjastad mwaka 1962. "Na wote walikuwa na breki za dramu tupu," huniambia mzee mmoja jirani yangu, kwa sauti ya mtu aliyezifunga yeye mwenyewe. "Wewe unayekwenda Tarasaa kununua samaki, breki za diski za nini?" Mzee wangu, shikamoo, lakini hao walikuwa wakishindana kufika. Mimi nataka kusimama.

Tuseme ukweli kuhusu hizo dramu. Ndani yake kuna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vyenye bitana. Ukikanyaga, mafuta ya breki huvisukuma vifunguke na kuibana dramu kwa ndani. Ni kazi nzuri kama huendi popote. Dramu ikipata moto hupanuka, ikavikimbia vile vipande, na wewe unakuta pedali imeshuka hadi kwenye sakafu. Kila baada ya muda inabidi uinue gurudumu kwa jeki, uingize bisibisi kwenye kitundu, uzungushe kigurudumu chenye meno mpaka bitana iguse, kisha ukirudishe kidogo. Ukizidisha gurudumu la kushoto kuliko la kulia, gari litavuta kushoto. Langu lilikuwa likivuta kushoto kwa imani kabisa, na kila kibanda cha chai upande ule kilidhani nimekuja kunywa.

Halafu kuna maji. Hapa ndipo ninapowashangaa watu wa Tana River wanaposema breki ni anasa. Tumeiona El Niño ya 1997, tumeona mwisho wa 2023 jinsi mto ulivyoamua kupita juu ya barabara ya Lamu kule Lango la Simba kana kwamba ramani ni yake. Hata mwaka usio na mafuriko, mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa delta hugeuka ugali, na madimbwi hukaa barabarani mpaka yapate wajukuu. Dramu ikipita majini huyanywa na kuyaweka. Unatoka upande wa pili, unakanyaga, gari linaendelea na safari zake. Diski iko wazi, maji hurushwa nje inapozunguka, pedi hupangusa yaliyobaki, na kabla hujamaliza kusema bismillahi breki zimerudi. Nchi nzima hii, kama kuna watu wanaostahili kugawiwa diski na serikali, ni sisi.

Na ng'ombe je? Ng'ombe wa Orma Boran ni mnyama aliyeheshimiwa hadi na watafiti kwa kustahimili ugonjwa wa mbung'o. Mnyama ambaye mbung'o hamtishi hawezi kutishwa na Volkswagen. Alfajiri kundi likivuka lami kwenda kunywa maji, lile dume la mbele husimama katikati ya barabara, hukutazama, hucheua kidogo, hukutazama tena. Mchungaji yuko nyuma kabisa na fimbo yake mabegani, akisalimiana na mtu wa bodaboda. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, breki zitahitaji umbali mara nne ya ule ambao zingehitaji kwenye 40. Hiyo ni fizikia, niliifundisha miaka mingi kwa chaki. Dume halikuwa darasani.

Basi nikaamua. Dawa yenyewe sikuibuni mimi. Volkswagen wenyewe, walipoitoa Beetle 1500 mwaka 1966, waliifunga diski magurudumu ya mbele na kuacha dramu nyuma, kwa sababu gari likipiga breki uzito wote hukimbilia mbele. Kwa hiyo ni diski mbili, pedi, na kalipa mbili, yaani yale mabanio yanayoikamata diski. Pia inabidi ubadilishe masta silinda. Ile ya dramu hubakiza presha kidogo kwenye mabomba, na ukiiunganisha na diski, pedi hazitaachia: utaendesha umbali mfupi tu na magurudumu ya mbele yataweza kuchoma mkate. Nikachukua ile yenye njia mbili, maana ya zamani ilikuwa na njia moja tu kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likivuja, umebakiwa na breki ya mkono na dua.

Duka moja la Nairobi, jina nalihifadhi kwa kuwa bado nina adabu, lilipokea pesa zangu kwa kasi ya kusifika. Mzigo ukaja kwa basi, umefungwa kwa kamba za katani utadhani una roho. Kufungua: mabanio mawili, yote ya kushoto. Nikapiga simu. "Mzee, geuza tu, itaingia," kijana akanijibu huku akitafuna kitu. Kweli, huingia. Lakini ukilifunga la kushoto upande wa kulia, ile nati ya kutolea upepo huangalia chini, na upepo hupenda kukaa juu, kwa hiyo utasukuma pedali mpaka Ramadhani nyingine na breki zitabaki laini. Nikalirudisha moja. Basi likalibeba, basi likaleta jingine, na nauli zote nikalipa mimi.

Fundi wangu ni kijana mwenye subira, gereji yake ni mwarobaini na benchi. Siku ya kutoa upepo alimwita mpwa wangu akakaa kwenye usukani. Mrija wa plastiki ukachomekwa kwenye nati ya gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, ncha yake ikazamishwa kwenye chupa ya soda yenye mafuta ya breki kidogo.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shika hapo hapo! Usiachie!" Nati ikalegezwa robo mzunguko, mapovu yakapita kwenye mrija kama shanga, nati ikakazwa. "Haya, achia. Kanyaga tena."

Wakati huo watu wamekusanyika. Kutoa upepo kwenye breki, kumbe, ni burudani. Mmoja akashauri tuongeze maji ya sabuni, kwani kuna lori lilifika Hola kwa maji ya sabuni. Mwingine akasema mafuta ya injini ni bora kwa kuwa ni mazito. Mafuta ya injini, ndugu zangu, huvimbisha mipira yote ya ndani. Wa tatu alikuwa muuza duka, akaleta chupa ya DOT 3 iliyofunguliwa, nusu bei. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya delta ina unyevu wa kumgawia kila mtu. Mafuta ya chupa iliyokaa wazi yakipata moto huchemka, na mvuke haufungi breki. Nikamshukuru, nikanunua DOT 4 yenye lakiri. Akanitazama kama nimemtukania mama.

Breki zikakaa. Pedali iko juu, ngumu, ya heshima. Nililijaribu gari kwenye ile lami iliyonyooka ya kuelekea Malindi, likasimama pale pale, bila kuvuta kushoto, bila kelele. Nikadhani sasa nitapongezwa. Sikupongezwa. Bi mkubwa mmoja niliyempa lifti na karai lake la maembe ngowe alinipigia makelele hadi Minjila, kwa sababu tulipoliona tuta mimi nilifunga breki na maembe yake hayakufunga. "Gari lako zamani lilikuwa lina ustaarabu, mwanangu," akaniambia. "Lilikuwa likisimama polepole."

Na sikujua kwamba breki nzuri huleta maadui wa nyuma. Zamani mimi nilikuwa wa kuogopwa na walio mbele. Siku hizi nikimwona punda, nasimama kabla ya punda, na matatu iliyo nyuma yangu, ambayo breki zake ni siri kati ya dereva na Mola wake, hunipigia honi, hunikwepa kwa inchi moja, na utingo hutoa kichwa dirishani kuniambia nirudi shule. Nimeshafundisha shule, kijana. Ungekuja.

Hata askari wa barabarani hajali. Huangalia stika ya bima, hupiga tairi teke, huuliza gari la mwaka gani, hucheka, huomba aonyeshwe injini iko wapi. Kule kizuizini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Mwalimu, hebu kanyaga breki nione." Gari linapimwa kila kitu isipokuwa lile jambo ambalo likikosekana tunakutana hospitalini.

Kero iliyobaki ni moja, nayo ni kubwa. Magurudumu yangu ya zamani yana mashimo matano ya bolti. Diski za ile 1500 zilikuja na mashimo manne. Kwa hiyo Beetle yangu sasa mbele ina manne, nyuma ina matano, na tairi la akiba ni moja, la matano. Ikitokea pancha ya nyuma, mimi ni bwana. Ikitokea ya mbele, nitakaa barabarani nikiwatazama wenye Probox wakipita kunipungia mkono. Basi wewe msomaji, kama kule kwenu kuna Beetle iliyokufa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani, hebu wafukuze kuku uhesabu mashimo ya rimu. Yakiwa manne, niletee salamu kupitia dereva yeyote wa basi la Lamu. Nauli ya rimu nitalipa mimi, kama kawaida.