Dakika Mbili za Kentucky

Mtu wa Eldoret haalikwi kutazama mbio za dakika mbili. Sisi tumezoea za saa mbili. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokuwa Vienna akimaliza marathoni kwa saa 1:59:40, watu wa mji huu walijaa mbele ya skrini asubuhi nzima na hakuna aliyebanduka. Muda huo unatosha kunywa chai, kubishana kuhusu viatu vyake, kutoka kidogo na kurudi, na ukamkuta bado anakimbia. Sasa waite watu hao hao waje wakeshe kwako kwa sababu ya kitu kitakachoisha kabla chai haijapoa.

Wazo lilitoka kwa wifi yangu. Ni muuguzi kule Louisville, jimbo la Kentucky, mji ambao huku kwetu unajulikana zaidi kwa Wesley Korir, aliyesoma chuo kikuu cha huko, akashinda Boston Marathon mwaka 2012, kisha akawa mbunge wa Cherangany. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, mji huo hushindanisha farasi katika Kentucky Derby. Wifi alitaka tusherehekee naye: yeye uwanjani Churchill Downs na kofia yake, sisi sebuleni kwangu na zetu, tukila chakula cha Kusini mwa Marekani. Kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, alijibu "sawa" kwa niaba ya jiko langu.

Ilikuwa Mei 2022, mafuta ya kupikia yamepanda bei hadi chupa moja inanunuliwa kwa mashauriano. Na kuku wa Kusini hupikwa amezama kwenye mafuta. Kabla ya hapo hulazwa kwenye maziwa yaliyoganda. Mume wangu alitumwa maziwa lala, akarudi na gazeti. Nikashusha kibuyu cha mursik.

Mursik, kwa asiyejua, ni maziwa ya kuganda tunayowanywesha mabingwa wetu wakishuka kwenye ndege. Mama mkwe aliingia jikoni akanikuta naimimina juu ya kuku mbichi. Akashika mlango.

"Mwanangu," akasema polepole, "huyo kuku ameshinda mbio gani?"

Kuku alitoka humo akiwa wa kijivu, na vumbi la mkaa wa kibuyu limemkaa mabawani. Hiyo rangi ningeitetea. Shida ni kwamba mapishi ya wifi yalimkusudia kuku wa Marekani, aliyekaa tu maisha yake yote. Wangu alikuwa wa kienyeji, amekimbia tangu utotoni kwenye mwinuko wa mita 2,100 kama wanariadha wengine wote wa hapa. Robo saa ya mafuta moto haikumshtua hata kidogo.

Kulikuwa pia na grits, chakula cha asubuhi cha watu wengi wa Kusini. Ni mahindi meupe yaliyosagwa yakabaki chenga, yanapikwa kwa maziwa na siagi mpaka yawe laini, ya kuchotwa kwa kijiko. Pale posho mill kijana wa mashine aliniuliza mara mbili kama ni za vifaranga. Nikaziinjika, nikapunguza moto, nikaenda kuoga. Nyuma yangu mama mkwe akafunua sufuria. Alichokiona humo ni mke wa mwanawe, mwanamke mwenye watoto na nyumba, ambaye ugali umemshinda. Hakupiga kelele. Alitafuta unga, akashika mwiko, akasonga mpaka ukakaza, akaugeuza kwenye sahani na kuufunika. Niliporudi alinishika bega.

"Usijali. Hakuna atakayejua."

Mboga zenyewe ziligeuka sukuma wiki, maana mboga wanayochemsha kule na mfupa wa nguruwe ndiyo hiyo hiyo ya shambani kwangu, ila mimi nilitia kitunguu na nyanya. Kisha kunde. Kisha bamia. Meza ilipokamilika, mzee jirani yetu, aliyekuja na kofia yake ya kila siku, aliitazama kutoka mwanzo hadi mwisho: ugali, sukuma, kunde, kuku.

"Asante sana. Na cha Marekani kinaletwa saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba kunde na bamia zilivuka bahari kutoka Afrika enzi za biashara ya watumwa, na kwamba mikono iliyopika chakula cha Kusini kwa karne nyingi ilikuwa ya Waafrika hao. Nikaongeza kuwa hata Derby ya kwanza, mwaka 1875, waendesha farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi, akiwemo Oliver Lewis aliyeshinda, kabla ubaguzi haujawaondoa kwenye tandiko. Mzee alitafakari huku akitafuna kuku, kazi iliyompa nafasi ndefu ya kutafakari.

"Kwa hiyo tumealikwa kula mali yetu."

Kinywaji cha siku hiyo kule huitwa mint julep: wiski ya Kentucky, sukari, majani ya mint na barafu iliyopondwa. Wageni wangu wengi ni watu wa kanisa, kwa hiyo wiski ilitoka. Usiku wa Mei Eldoret, mvua inanyesha, barafu nayo ikatoka yenyewe. Majani yakaenda kwenye chai.

Mbio zenyewe, kwa saa zetu, zilikuwa saa nane kasoro dakika tatu, usiku wa kuamkia Jumapili. Mama mkwe alikuwa amevaa kabisa kofia yake ya kanisani ili asubuhi asihangaike. Mpwa wangu alijaribu kuwaamsha watu kwa takwimu. Rekodi ya Derby, alisema, ni ya farasi aitwaye Secretariat, mwaka 1973: 1:59.4.

"Kama Eliud!" mama mkwe akaketi wima.

"Hizo ni dakika, Bibi. Si saa."

"Kilomita ngapi?"

"Mbili."

Mzee akavuta blanketi. "Mbili? Huko si ndiko tunapeleka maziwa asubuhi?"

Nawaelewa. Mji wetu una wadi nzima inayoitwa Racecourse, lakini anayetaka kuona farasi wa mashindano huenda Ngong, Nairobi. Sisi tunawajua punda wa maji.

Kilichowaweka macho ni kura. Siku ya Jumatano mpwa aliandika majina ya farasi ishirini, kila karatasi shilingi mia, mweka hazina mama mkwe. Mzee aliokota Ethereal Road. Hakuna aliyejua kwamba Ijumaa asubuhi Ethereal Road aliondolewa, na nafasi yake akaingizwa dakika za mwisho farasi aitwaye Rich Strike, aliyewahi kununuliwa kwa dola 30,000, ambaye wacheza kamari walimpa 80 kwa 1.

Lango likafunguka. Baada ya kona ya mwisho Epicenter na Zandon walikuwa mbele, sebule imesimama, kisha intaneti ikakwama. Iliporudi, namba 21, ambaye hakuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, alikuwa ameshashinda na sasa anamuuma farasi aliyetumwa kumpokea.

"Shukrani ya punda ni mateke," akasema mume wangu. "Ya farasi kumbe ni meno."

Mpwa akapiga hesabu kwamba aliyeweka shilingi mia kwa Rich Strike angepata zaidi ya elfu nane. Kijana mmoja anayebeti mpira kila wikendi akatoka nje bila kuaga.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Mzee alidai ushindi ni wake: ukinunua shamba la mtu aliyehama, mahindi yaliyomo ni yako. Mpwa, aliyekuwa na Epicenter, alisema wa kwanza hana karatasi, basi wa pili ndiye wa kwanza. Mwingine akataka pesa zirudishwe. Wifi alipiga simu kutoka Churchill Downs akishangilia, akatukuta kwenye mipaka ya mashamba. Mama mkwe akafunga mkoba wake, zipu ikalia, akasema wenye kulala walale.

Kanisani asubuhi kikapu cha sadaka kilipomfikia, alitia noti za mia moja moja, ishirini, bila haraka. Mzee alikuwa safu ya pili upande wa wanaume, shingo imegeuka kabisa. Baada ya ibada alinijia chini ya mti, akavua kofia kwa heshima, akataka kujua kama sadaka ile imeandikwa kwa jina la mama mkwe au la Ethereal Road.