Heshima kwa Bomba Linalovuja

Mwenye nyumba akimaliza kukarabati bafu na jiko, huwatembeza wageni waone vigae vilivyopangwa sawasawa, sinki lisiloshika kutu na shawa ya maji ya moto. Hakuna anayemwonyesha mgeni bomba linalovuja. Hilo huwekewa ndoo chini, hufungwa kitambaa mdomoni, hutukanwa usiku wa manane, na asubuhi hukazwa kwa mkono wenye hasira mpaka koki inalia. Ni dhuluma ya siku nyingi, na inafaa atokee wa kulitetea. Nadai kwamba katika nyumba nzima hakuna kifaa kinachomtumikia mwenye nyumba kwa uaminifu kama bomba linalodondosha tone moja moja, na kwamba anayelichukia anamfukuza shahidi na kumwacha mwizi.

Tuanze na nasaba, maana msifiwa yeyote huulizwa katoka wapi. Bomba la kuzungusha, lile ambalo koki ikishuka hukandamiza washa juu ya tundu la maji, lilitoka kwenye kiwanda cha shaba cha Guest and Chrimes huko Rotherham, Uingereza, kilicholipatia hataza mwaka 1845. Limedondosha kizazi hata kizazi, na kudondosha huko kumewafaa hata wanafizikia. Robert Shaw, wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, alichapisha mwaka 1984 kitabu kizima juu ya bomba linalodondosha. Alionyesha kwamba maji yakiongezwa kidogo kidogo, matone yaliyokuwa yakifuatana kwa mpangilio huvurugika hadi hayatabiriki, ingawa kanuni zinazoyaendesha ni zilezile. Bomba zima lisingempa hata ukurasa.

Lakini sifa yake kuu ni ukweli. Bomba hili likiugua linasema, tena hadharani, mahali anapopita kila mtu. Sasa litazame tangi la choo. Mpira wa chini ukichakaa, maji huteleza kimyakimya kuingia kwenye bakuli, na choo kinaweza kumwaga mamia ya lita kwa siku huku kimetulia kama hakijui lolote. Anayetaka kukiumbua amimine kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya tangi, mtu asivute maji kwa nusu saa, kisha achungulie bakuli. Maji yakiwa yameingia wekundu, mwizi kapatikana. Bomba lililofukiwa ukutani ni baya zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila kwa bomba la aina hii unabomoa ukuta kwanza ndipo uutafute ufa. Hata sementi nyeupe iliyojazwa kati ya vigae ni ya kutiliwa shaka. Ikipasuka pale chini ya shawa, maji hupenya nyuma na kulegeza kigae, nacho kigae huendelea kung'aa mpaka siku kinapobanduka. Kigonge kwa mpini wa bisibisi: kilichoachia hutoa mlio wa uwazi, kilichoshika hutoa mlio mzito. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika bafu kilio hicho huwa cha mwenye nyumba.

Washitaki wana hoja yao ya kwanza, nayo ni ankara. Tufanye hesabu bila upendeleo. Tone la bomba ni kama robo ya mililita. Likianguka moja kila sekunde, kwa siku ni matone 86,400, yaani lita 21 na ushei, ndoo kubwa iliyojaa ikafurika. Kwa mwaka inakaribia lita 7,900, karibu uniti 8 za mita. Wao watasema bandu bandu huisha gogo, nasi tutajibu haba na haba hujaza kibaba: kinga ndoo, asubuhi una maji ya kudekia. Najua mlipa ankara hachekeshwi na jibu hilo, basi apewe lingine. Hasara ya tone inahesabika, na kwa kuwa inahesabika, inafichua zile zisizohesabika. Andika namba za mita kabla ya kulala, mtu asitumie maji, kisha uzisome tena baada ya saa nane. Tone moja kila sekunde halizidi lita 7 au 8 kwa muda huo. Mita ikiwa imesogea lita 80, bomba letu lina ushahidi wa kujitetea, na msako uhamie kwingine.

Hoja ya pili ni kelele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza mwaka 2018 kwamba ule mlio hautokani na tone kugonga maji, bali na kiputo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji na kutetemeka. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ndoo, mlio utakoma na usingizi utakuja. Na madoa ya chumvi chini ya bomba? Siki au ndimu itayatoa kwenye sinki la kauri, mradi usiichanganye kamwe na dawa yenye klorini, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Imebaki hoja nzito, kwamba sifa hizi zinabariki uzembe. Sivyo. Shahidi akishatoa ushahidi huruhusiwa kushuka kizimbani, hakabwi koo. Kukaza koki kwa nguvu huisaga washa iliyochakaa, na mwishowe hukwaruza kiti cha shaba inachokalia, hata washa mpya ikafa baada ya muda mfupi. Funga geti valvu, fungua bomba limalize maji yaliyobaki, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie, kisha fungua kichwa cha bomba kwa spana malaya. Dukani nenda na washa ya zamani uifananishe. Mabomba mengi ya sinki ni ya nusu inchi. Maji yakitokea shingoni mwa koki badala ya mdomoni, washa haina kosa: kaza kidogo nati ya shingo. Yale mabomba mapya ya robo mzunguko hayana washa bali visahani vya kauri, na punje za mchanga zinazokuja na maji yakirudi baada ya mgao zinatosha kuvikwaruza, hivyo hubadilishwa kifaa chote cha ndani. Kama kazi hii imekushinda, mwite fundi, umlipe vizuri. Ila akishakusanya vyombo vyake na kuomba nauli, usimruhusu aondoke kabla hajafungua tangi la choo.