Ndevu kwenye Kadi ya Dada

Mwanafunzi wa chuo huugua kwa ratiba. Bumu, yaani pesa ya mkopo, likitoka, ni mzima wa afya: anakula chipsi kuku, anacheza mpira hadi usiku, anapanda bodaboda bila kofia. Bumu likikata, jino linaamka, kifua kinabana na macho hayaoni tena ubaoni. Siku ya kulipia bima ana pesa ila haumwi. Siku ya kuumwa anapekua mifuko ya suruali zilizofuliwa, labda imo mia tano.

Fomu yangu ya kujiunga na chuo ilifika nyumbani Songea mwaka 2018, na mama akaisoma mstari kwa mstari. Ada, usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi. Kisha: bima ya afya, shilingi 50,400, kwa asiye na bima nyingine. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotuponza, kwani ukoo mzima ulianza kuitafuta hiyo nyingine.

Tuliyokuwa nayo ni kadi ya CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii, 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Nyumbani tulikuwa tisa. Kila mwaka mama aliitisha kikao cha uteuzi, na hakuna kamati kuu ya chama chochote inayokata majina kwa ukatili ule. Mimi nilishatimiza miaka 18, umri uliomwondoa mtoto kwenye kadi ya wazazi, hivyo jina langu lilikatwa kabla ya sala ya kufungua. Na hata ningepenya, kadi ile ilianzia zahanati ya kijijini na kuishia hospitali ya mkoa, nami nilikuwa naelekea Dar es Salaam. Bibi naye alikatwa, akaelezwa kwa upole kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hutibiwa bure. Alikasirika kwa siku kadhaa. Si kwa kukosa kadi, bali kwa kuitwa asiye na uwezo mbele ya kuku wake.

Mjomba alikuwa na hoja nyingine.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi ni kweli unataka kulipia ugonjwa ambao hujaupata?"

"Ni kwa tahadhari tu, mjomba."

"Ukishaulipia utautafuta. Mtu hatoi pesa yake bure."

Chuo kilitupa hadi muhula wa pili kuleta risiti ya bima, na muda huo wote niliutumia kutafuta ya bei chee. Alikuja hosteli wakala wa kampuni binafsi, amefunga tai kwenye joto la Dar. Alianza kwa kuniuliza mwajiri wangu ni nani. Nikamjibu Bodi ya Mikopo. Akacheka, akafungua kabrasha, akanionyesha mpango wa chini kabisa, nami nikaona hapo ada ya muhula mzima na mabaki ya nauli. Nilimwuliza kama wanauza robo. Hawauzi. Aliniachia kalamu, na kwa haki kabisa ile kalamu ilidumu kuliko simu yangu.

Ndipo rumeti mmoja aliyekuwa anasoma sheria alipotangaza kwamba bima ni kuchangishana tu, hakuna uchawi, na chumba chetu kinaweza kuanzisha ya kwake. Tulikuwa wanne kwa karatasi na saba kwa uhalisia, kwa sababu ya wale wasio na kitanda tuliokuwa tumewabeba. Kila mtu atatoa 2,000 kwa wiki. Katiba ikaandikwa, ina vifungu, ina fasili ya neno "mgonjwa". Mwekahazina akachaguliwa kwa sifa moja: begi lake lilikuwa na kufuli.

Dai la kwanza lilikuwa kioo cha simu. Mdai alijieleza kwa ufasaha: mgonjwa asiye na simu hawezi kuomba msaada, kwa hiyo kioo ni kifaa tiba. Mwanasheria wetu akakubali hoja, nasi tukalipa. Dai la pili lilikuwa la jamaa aliyeachwa na mchumba wake, halali usingizi wala hali. Kikao kilivunjika usiku wa manane tukibishana kama kuachwa ni maradhi au ni ajali. Akalipwa nusu. Dai la tatu lingekuwa la ugonjwa wa kweli, homa ya mwenzetu mmoja, ila begi lilipofunguliwa lilitoa sarafu na risiti ya chipsi mayai. Mwekahazina alisema ile ilikuwa "lishe ya kinga". Kifungu chake kilikuwepo. Alikuwa amekiongeza mwenyewe.

Mwanahisabati wa kitanda cha juu ndiye aliyetunyamazisha. Alichukua ile 50,400 ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akaigawa kwa 12, ikawa 4,200 kwa mwezi. Akagawa tena kwa 30, ikawa 140 kwa siku. Andazi la mgahawa wetu lilikuwa 200. Posho ya chakula na malazi ya mkopo enzi zetu ilikuwa 8,500 kwa siku, hivyo matibabu ya mwaka mzima yalikuwa yanauzwa kwa posho ya siku sita. Wasomi wa chuo kikuu tulikuwa tumeikimbia bei ya chini ya andazi.

Bumu lililofuata likatoka. Nikachukua kontro namba, nikalipa kwa simu, nikapata ujumbe wa malipo. Mjomba alikuwa sahihi, maana homa haikukawia hata kidogo. Kadi zilikuwa bado, chuo kilikuwa hakijakamilisha orodha, na kwenye kituo cha afya nilikokwenda dada wa mapokezi aliandika namba yangu, akatikisa kichwa: "Hausomi, kaka." Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akausoma wote kwa makini, akanipongeza kwa kulipa, akaniambia niende dirisha la taslimu. Majibu yakatoka: malaria hakuna, ila UTI ipo na taifodi kidogo. Sijawahi kukutana na Mtanzania aliyepimwa homa akakosa UTI na taifodi kidogo. Hata wale saba wa chumbani, ukiwapima wakiwa usingizini, wanazo.

Hatimaye kadi zikaja. Picha ilikuwa yangu, ndevu zangu za kwanza zikionekana vizuri. Jina lilikuwa langu, herufi zote. Jinsi: KE. Karani fulani, mahali fulani kwenye safari ya ile orodha, aliteleza mstari mmoja. Nilipokwenda na kikohozi, muuguzi aliita jina, nikasimama, akaniambia nimwite dada yangu aingie mwenyewe, wasichana wa siku hizi wasitume watu. Daktari, mtu mzima mwenye utulivu, aliitazama kadi, akanitazama, akauliza kama kuna jambo ningependa kumweleza kwa faragha. Msichana mmoja wa darasani kwetu ambaye hakuwa amelipa aliiomba kwa siku moja tu, akisema jinsi inamruhusu. Kutumia kadi ya mtu ni udanganyifu, nami nilijiandaa kumhutubia hivyo, lakini alipoiona picha aliirudisha mwenyewe.

Marekebisho yalihitaji barua, na barua ilihitaji muhuri, na mwenye muhuri alikuwa semina. Nikaendelea kutibiwa nikiwa KE. Dawa zilifanya kazi vilevile.

Halafu mwekahazina wetu, yule wa lishe ya kinga, alishikwa na kidole tumbo usiku wa mtihani. Tulimbeba hadi hospitali tukiwa na hofu ya gharama kuliko ya upasuaji. Kadi yake ilikuwa hai, kwa vile bila risiti ya bima asingesajiliwa masomo. Alipasuliwa, alilazwa, akasaini fomu, akatoka, na hakuna aliyepitisha kofia hosteli. Kwa posho ya siku sita, sijaona nchi hii kitu kingine kinachouzwa rahisi hivyo.

Kasoro ya bima hiyo ni kwamba ni ya mwanafunzi. Nilimaliza chuo mwaka 2021 na kadi ikamaliza nami. Mwajiriwa wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake huongeza 3 nyingine. Nilipiga hesabu ya asilimia 3 ya mshahara wangu, ikaja sifuri. Vilibaki vifurushi vya watu binafsi vilivyotangazwa mwaka 2019, na cha chini, Najali Afya, kwa kijana wa miaka 18 hadi 35 kilikuwa 192,000 kwa mwaka. Jana nalipa 50,400 nikiwa na bumu, leo karibu mara nne nikiwa na joho la kukodi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ombi langu kwa wanaopanga viwango ni kumkumbuka mhitimu asiye na kazi, ambaye hayumo kwenye kadi ya mama wala kwenye orodha ya chuo.

Nawe uliye mwaka wa tatu mwenye jino bovu, nenda kang'oe kabla ya mahafali.