Maksi Tisini na Saba

Jamani sogeeni kidogo nikae. Chai moja, chapati mbili, andika kwenye daftari. Leo sina hela. Hela imeingia kwenye kompyuta.

Kazi yangu mnaijua, naunga video za harusi. Video ya dakika kumi mashine inatafuna dakika 40 ndiyo itoke. Umeme ukikatika dakika ya 39, bismillah, naanza upya. Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, akaropoka mezani: "Anko, si uiovakloki tu?" Sikuuliza ndiyo nini. Mtu mzima haulizi mbele ya watoto.

Prosesa yangu Core i5-2500, toleo la mwaka 2011, mtumba wa mtumba. Usiku mbili nimo ndani ya BIOS natafuta pa kupandishia spidi. Dogo akaja, akacheka mpaka akakaa chini. Eti yangu haina K. K gani tena? Kumbe zenye K mwishoni ndizo zimefunguliwa, yangu mimi imebanwa kiwandani. Herufi moja! Nikaenda Kariakoo kununua herufi, na feni mpya juu yake. Bahati mazabodi yangu ni Z68, inakubali. Miaka yote nilidhani ile ni namba ya stoo.

Hesabu yenyewe nyepesi. Megahezi 100 mara 33, umepata gigahezi 3.3. Ukitaka mbio, unaongeza hiyo 33. Dogo akanionya, panda moja, pima, panda moja, pima. Moja moja mpaka lini? Nikatia 48. Kioo cheusi tii. Nikachomoa kile kibetri bapa cha volti 3, nikangoja, nikakirudisha, mashine ikasahau dhambi zangu zote. Nikatia 45, na volti nikaipa 1.4. Mbeba mizigo si lazima ale?

Ikawaka! Nikafungua programu ya kupimia. Namba inapanda tu. 88. 93. 97! Nikamwita mama watoto aje aone. Mimi, maksi 97, na shuleni sikuwahi kufika hata nusu yake. Akanipa hongera. Nikapiga na picha.

Ilikuwa ni joto, jamani. Nyuzi za Selsiasi. Maji ya ugali yanachemka kwa 100.

Na prosesa ikifika huko inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Video ikatoka kwa dakika 55. Yaani nimelipia kuchelewa.

Dogo akazima, akafungua feni na lile chuma lake, akalipindua. Chini kumebandikwa plastiki, ina maandishi mekundu makubwa: ondoa kabla ya kufunga. Mimi ile pesti ya kupitishia joto nimeipaka juu ya plastiki, tena nimeshindilia kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Hakusema neno. Akaibandua taratibu, kwreee, akaniwekea mezani mbele yangu, karibu na kikombe. Bora angenitukana.

Akafuta uchafu wangu, akaweka pesti tone moja, kama punje ya kunde. Akaanza 36, 37, 38, kila akipanda anaitesa mashine kwa Prime95 huku macho yako kwenye joto. Volti hataki kuigusa ovyo. Eti joto linafuata mraba wa volti. Mraba ninaoujua mimi ni wa marumaru. Akagota 42, yaani gigahezi 4.2, nyuzi 72 mashine ikiwa imebanwa kweli kweli. Video dakika 33.

Halafu akaifunga BIOS kwa neno siri. Kompyuta yangu, nyumba yangu, umeme nanunua mimi! Nikakumbuka, kile kibetri nikikichomoa si neno siri linafutika? "Linafutika, Anko," akasema, "na ile 42 inafutika nayo." Akachukua chapati yangu ya mwisho, akatoka.