Imani ya Kumwachia Konda Chenji

Masheikh wa mjini wana lalamiko la kudumu: waumini wa siku hizi hatuna imani, hatuna subira, na tukisimama kuswali akili zinabaki Kariakoo. Nimewahi kumsikia mmoja akiifafanua Surat Al-Asr, sura ya aya tatu tu inayotuhimiza kuusiana subira, kwa muda mrefu kiasi kwamba subira ikaanza kufundishwa kwa vitendo. Waliokaa juani walifuzu kabla yetu.

Kwa heshima zote, napinga. Imani tunayo, tena ya kumwaga. Anayebisha na apande daladala ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo, saa moja asubuhi, mfukoni ana noti ya elfu kumi peke yake.

Nauli haifiki elfu mbili. Noti yako unamkabidhi konda, kijana usiyemjua jina wala kwao, ambaye nusu ya mwili wake iko nje ya mlango. Anaikunja kwa urefu, anaichomeka katikati ya vidole pamoja na za wenzako, kisha anasema, "Chenji yako ipo anko, tulia." Nawe unatulia. Unasukumwa mpaka nyuma kabisa, huna risiti, huna chochote ila neno lake. Kama huko si kuamini ghaibu, basi sijui kuamini ni nini.

Na siku ya hesabu ipo. Konda anarudi na swali la kutisha: "Wewe ulinipa ngapi vile?" Hapo unatafuta shahidi. Anayekuokoa ni mzee wa kiti cha mbele, yule uliyemwamkia wakati wa kupanda: "Huyu katoa msimbazi, mwanangu. Nimemwona kwa macho yangu." Shikamoo yako imelipwa hapahapa duniani.

Kuna siku konda aliishiwa chenji ndogo. Mimi nilikuwa nimebakiza kumdai elfu mbili na mia tano, na dada mmoja mwenye ndoo ya samaki alikuwa anadai kiasi hichohicho. Konda akanishikisha noti ya elfu tano. "Hii ya kwako na ya dada yule. Mtagawana." Kuna ndoa zimefungwa kwa maelezo marefu kidogo kuliko hayo.

Dada alikuwa anashukia Mtoni Mtongani, mimi naenda Kariakoo. Ikabidi nishuke naye, na daladala ikaondoka na nauli yangu ya Kariakoo. Muuza vocha hakuwa na chenji. Muuza maji alikuwa nayo, ila hampi asiyenunua. Mwisho dada akanunua hindi la kuchoma ili tu noti ichenjiwe, akalivunja katikati, akanipa kipande kilichokolea ndimu na pilipili. "Kula kaka yangu. Ya konda tumwachie konda." Tukala tumesimama kando ya barabara, ndoo ya samaki katikati yetu, kila mmoja na haki yake mfukoni. Undugu tunaohimizwa mimbarini kila Ijumaa, konda aliufunga kwa sentensi mbili huku anagonga bodi la gari.

Khushui nayo tunayo. Umeme wa LUKU ukiisha usiku, nenda kachungulie nyumba yoyote. Mama anasoma namba kwenye simu, baba kasimama mbele ya mita na tochi mdomoni. Tarakimu ni 20, zinasomwa nne nne.

"Saba, sifuri, tatu, tatu."

"Tatu mara mbili?"

"Mara mbili, baba."

Mtoto akikohoa anatazamwa. Hakuna anayepiga miayo, hakuna anayejikuna. Ikikosewa tarakimu moja mita inakataa zote, na baba anaanza upya kwa unyenyekevu, bila kuuliza kwa nini. Baba huyohuyo akishafunga sala ya isha, rakaa ya kwanza anakumbuka bei ya mabati. Ya pili anapata jibu alilopaswa kumpa shemeji yake mwaka juzi. Ya tatu anakumbuka alipoiweka bisibisi. Ya nne hana hakika kama siyo ya tatu.

Ama subira, waulizwe wanaoishi mitaa ya maji ya mgao. Kwetu bomba hutoka usiku wa manane, na halitoi taarifa. Mama mwenye nyumba akilisikia linaguguma anapita kugonga madirisha: "Amkeni wanangu, yanatoka!" Hakuna anayeomba dakika tano za kujinyoosha. Kufumba na kufumbua mtaa mzima uko macho, tena katika theluthi ya mwisho ya usiku, wakati ambao masheikh wanatusihi tuamke kwa tahajudi kwa sababu dua hujibiwa. Basi tumeamka. Tumepanga safu, bega kwa bega, madumu mbele. Maji ya kutawadha ndiyo hayo yanatumwagikia miguuni. Zimepungua rakaa mbili tu.

Kwa hiyo mafunzo tumeshapewa, na mitihani tumeshaifaulu, ila vyeti tumevipeleka kusiko. Mtu aliyemwamini konda kwa elfu kumi nzima asubuhi, jioni anakosa usingizi kwa kuwaza riziki ya kesho, kana kwamba Mola ndiye anayehitaji kuwekewa shahidi wa kiti cha mbele. Aliyekesha kusubiri dumu lijae, akichelewa kujibiwa dua moja anasema kasahauliwa.

Msomaji, dawa yake haina gharama. Leo usiku bomba likitoka, tega ndoo ya kwanza, jaza, halafu tega ya pili na usimame rakaa mbili wakati inajaa. Zile tarakimu 20 za LUKU zimekwisha kukuonyesha kwamba utulivu unao, basi zipe rakaa zako mbili utulivu uleule. Asubuhi panda daladala na nauli kamili mkononi. Imani ni jambo jema, lakini kuchelewa kazini si ibada.